Nusu mkate wanagawana, kisu anabaki nacho nani?

#1 Kalamu Nzito

Wakuu, salaam.

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikisoma mikataba iliyozaa serikali za kugawana madaraka. Karibu yote inanipa picha moja. Kwenye vyeo vya kiraia maandishi yamejaa: mawaziri wangapi, makamu wangapi, nani anamteua nani. Ukifika kwenye jeshi, polisi na usalama wa taifa, wino unakauka. Unakuta ahadi, kamati, mafunzo ya haki za binadamu, basi.

Chukueni Zimbabwe. Makubaliano yalitiwa saini 15 Septemba 2008, msuluhishi akiwa Thabo Mbeki kwa niaba ya SADC. Februari 2009 Morgan Tsvangirai wa upinzani akaapishwa Waziri Mkuu. Wizara ya Ulinzi ikabaki kwa ZANU-PF, chama cha Rais Mugabe. Mambo ya Ndani, iliyobeba polisi, waliigombania mpaka ikabidi iwe na mawaziri wawili kwa wakati mmoja, mmoja wa kila upande. Makamanda waliokaa kwenye ile Kamandi ya Pamoja ya Operesheni, JOC, hawakuguswa. Ikatungwa sheria ya Baraza la Usalama la Taifa mwaka 2009 ili Waziri Mkuu naye apate kiti mezani, lakini amri za kweli ziliendelea kupita njia zilezile za zamani. Julai 2013 wakaenda kwenye uchaguzi vyombo vikiwa vilevile, Tsvangirai akashindwa na serikali ya pamoja ikaishia hapo. Novemba 2017 jeshi hilohilo likamwondoa Mugabe mwenyewe.

Wakenya walibuni jina zuri, serikali ya nusu mkate. Mkate unavyokatwa tumeuona. Mimi nauliza habari za kisu. Msimamo wangu ni kwamba hakigawanywi kwa makusudi: aliyekishika anakubali kugawa kila kitu kingine ili kisu kibaki kwake. Mnaonaje? Hasa walioishi haya mambo.

#2 Mpiga Darubini

Mleta mada, asante, ila usitutie Wakenya kapu moja na Zimbabwe.

Mkataba wetu ulitiwa saini 28 Februari 2008 mbele ya Kofi Annan, na mageuzi ya polisi yalikuwemo kwenye Ajenda ya Nne, ile ya mageuzi ya muda mrefu, tangu mwanzo. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi, iliandika bila kumung'unya maneno: vifo 1,133, na kati yake 405 vilitokana na risasi. Tume ya serikali ikisema hivyo, huwezi tena kujificha nyuma ya hadithi ya majirani kukatana mapanga tu. Kikaja kikosi kazi cha Jaji Ransley mwaka 2009 na mapendekezo zaidi ya 200. Katiba ya Agosti 2010 ikaweka polisi wa kawaida na polisi wa utawala chini ya Inspekta Jenerali mmoja, ikaunda tume ya ajira yao. Mwaka uliofuata ikapita sheria ya IPOA, mamlaka ya kiraia ya kuwasimamia. Yote hayo ndani ya nusu mkate. Kisu kiliguswa.

#3 Hakimu Mtaa

Mpiga Darubini, orodha yako ni sahihi ila umeruka mstari mmoja. Katika miaka ile mitano, Usalama wa Ndani alikuwa nao nani? Profesa Saitoti, mpaka alipofariki Juni 2012. Ulinzi? Yusuf Haji. Wote upande wa Rais Kibaki. Kwa hiyo mgao wa kisu Kenya ulikuwa kama wa Zimbabwe, tofauti ni kwamba mliandika sheria nzuri huku mkisubiri.

Tena kazi yenyewe ya kuwapiga msasa maofisa ilianza Desemba 2013. Uchaguzi wa Machi 2013 ulikuwa umeshapita, nusu mkate imeshakwisha. Sheria ilitungwa na serikali moja, ikatekelezwa na nyingine ambayo haikuwa na mbia wa kuisukuma.

Nyongeza kwa mleta mada: Zimbabwe majenerali walisema mapema. Januari 2002, kabla ya uchaguzi wa rais, Jenerali Zvinavashe alitoka hadharani na wakuu wenzake wakatangaza kwamba hawatamuunga mkono kiongozi asiye na historia ya vita vya ukombozi. Waliokaa mezani 2008 walijua wanachokiacha nje ya karatasi.

#4 Kipepeo

Nimetandika mkeka. Endeleeni, leo silali.

#5 Afande Mstaafu

Habari za jioni. Mimi si msomi wa mikataba. Nilivaa sare ya polisi kwa miaka mingi, katika nchi iliyopitia serikali ya aina hii. Sitaitaja, wala kituo changu.

Kalamu Nzito anasema ni makusudi ya wakubwa. Yapo, lakini hebu tazameni kutoka chini. Siku waliyotangaza kwamba chama cha upinzani kimeingia serikalini, bwana mkubwa wetu alitukusanya uwanjani akasema maneno machache tu ya taratibu za kazi. Hakuna aliyepinga. Baada ya hapo zikaanza kuja barua za waziri mpya. Zilipokelewa kwa heshima zote, zikagongwa muhuri, zikawekwa kwenye faili. Barua ikija na saini ya yule wa zamani, gari linawashwa siku hiyohiyo.

Kwa nini? Kwa sababu askari haulizi katiba imesema nini. Anauliza nani anasaini uhamisho wangu, nani anapendekeza cheo changu, na nikistaafu faili langu la kiinua mgongo litapita kwenye meza ya nani. Hayo matatu hayakubadilika hata siku moja.

Halafu kuna hofu. Wapo waliokuwa wamefanya mambo wakati wa vurugu, kwa amri. Neno "mageuzi" likitajwa kwenye redio, kambini wanasikia "kesi" na "kufukuzwa". Mtu anayengoja kesi hawezi kukusaidia kujenga taasisi.

#6 Bint Pwani

Shikamoo Afande. Umesema kitu ambacho wanasheria hukizunguka.

Mimi nalileta la Zanzibar, ambalo ni tofauti kabisa. Sisi tulipiga kura ya maoni 31 Julai 2010, asilimia 66.4 wakasema ndiyo, ikaingia Serikali ya Umoja wa Kitaifa ndani ya katiba. Chama cha pili kinatoa Makamu wa Kwanza wa Rais. Vizuri. Lakini polisi na jeshi ni mambo ya Muungano, yamo kwenye Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri. Serikali ya Umoja haiviamrishi. Ilichonacho ni zile Idara Maalum za SMZ, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar: KMKM (kikosi cha kuzuia magendo), JKU (jeshi la kujenga uchumi), Mafunzo (magereza), Zimamoto na Valantia. Na hizo nazo ziko chini ya Rais wa Zanzibar, hazikuwa sehemu ya maridhiano.

Kwa hiyo, ndugu yangu Kalamu, kwetu si kwamba aliyeshika kisu alikataa kukigawa. Kisu hakikuwemo ndani ya chumba cha mazungumzo. Rais Karume na Maalim Seif wa chama cha upinzani, CUF, wangekubaliana lolote lile Novemba 2009, wasingeweza kuliandika hilo. Oktoba 2015 uchaguzi ulipofutwa, na Machi 2016 ukarudiwa bila CUF, tuliona umoja wa miaka mitano unavyoweza kukoma kwa siku moja.

#7 Jiwe la Pembeni

Watu wote wanataja walioshindwa. Tajeni Burundi basi! Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000, Nyerere aliuanza, Mandela akaumaliza. Kila kitu nusu kwa nusu kati ya Wahutu na Watutsi: serikali, bunge, jeshi, polisi. Pale kisu kiligawanywa kwa rula.

#8 Mwana wa Ziwa

Jiwe, kaka, naomba nikurekebishe, mimi ni wa huko. Serikali na Bunge si nusu kwa nusu: ni 60 kwa 40. Nusu kwa nusu ni Seneti, na kwenye vyombo vya ulinzi kanuni ni kwamba kabila moja lisizidi asilimia 50. Na Arusha peke yake haikumaliza vita. Waasi wa CNDD-FDD walikuwa bado porini. Ni itifaki ya Pretoria ya 2003 iliyowapa asilimia 40 ya nafasi za maofisa jeshini na 35 kwenye polisi. Ndipo wakatoka.

Ila kwa ujumla una hoja, na nitaitetea kwa moyo wangu wote. Binamu yangu aliingia kwenye jeshi jipya akitokea msituni. Kitanda cha jirani alilala mtu aliyetokea jeshi la zamani, wamewahi kupigana uso kwa uso kwenye mlima mmoja. Miezi ya kwanza kila mmoja alilala na kiatu mguuni. Baadaye walikwenda pamoja Somalia kwenye kikosi cha Umoja wa Afrika, na huko, anasema, ndiko walikozoeana, kwa sababu adui alikuwa mwingine na posho ilikuwa moja.

Mwaka 2015, maandamano ya kupinga muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza yalipoanza, watu walikimbilia nyuma ya wanajeshi kujikinga na polisi. Fikirieni hilo. Jeshi ambalo kwa miaka mingi nusu ya nchi ililiogopa, sasa ndilo kinga. Kisha likaja jaribio la mapinduzi la 13 Mei, wanajeshi wakapigana wao kwa wao kugombea redio ya taifa, likazimwa. Waliogawanyika hawakugawanyika kwa ukabila: Wahutu na Watutsi walikuwa pande zote mbili.

Lakini hapo ndipo moyo unapouma. Mgao wa jeshi ulikuwa safi, basi nguvu zikahama. Zikaenda kwenye usalama wa taifa, kwenye polisi, na kwa vijana wa chama, Imbonerakure, ambao hakuna ukurasa wa Arusha unaowahesabu.

#9 Hakimu Mtaa

Bandiko la 8 linatosha kuwa uzi peke yake. "Nguvu zikahama." Kalamu Nzito, hilo linaipinda hoja yako: kisu kikigawanywa, aliyekuwa nacho anatengeneza kingine.

#10 Mtafiti Mchanga

Wakuu, nina maelezo mengine, na mtaniona ninachosha kwa sababu ni ya hesabu. Ni orodha ya mishahara.

Kongo, serikali ya 1+4 ya kuanzia Juni 2003: Rais Joseph Kabila na makamu wanne, Bemba, Ruberwa, Yerodia na Z'ahidi Ngoma. Wapiganaji walipelekwa vituoni kuchanganywa, wao waliita *brassage*, kisha wakaundiwa brigedi mpya. Kwenye karatasi ni kazi safi. Tatizo ni kwamba fedha za mishahara zilishuka kupitia makamanda. Kamanda anatangaza idadi ya watu wake, anapokea fungu, anagawa anavyotaka. Kila askari hewa ni mapato. Sasa mwambie kamanda huyo kwamba mageuzi yanakuja kuhesabu watu.

Ujumbe wa Umoja wa Ulaya ulioanza 2005, EUSEC, ulifanya jambo moja ambalo kwangu lina maana kuliko semina zote: kutenganisha mnyororo wa malipo na mnyororo wa amri. Anayekuamuru asiwe ndiye anayekulipa. Askari anahesabiwa, anapewa kitambulisho, mshahara unamfikia bila kupita mfukoni mwa mkubwa wake.

Nimewahi kufanya kazi ya mishahara kwenye taasisi ya kiraia, haina uhusiano na jeshi. Tulipofanya uhakiki wa ana kwa ana, watu walioacha kunisalimia si waliofutwa. Ni wakuu wa idara waliokuwa na majina yasiyo na sura. Nikazidisha hilo mara jeshi zima, nikaelewa.

Na kama Mwana wa Ziwa alivyosema, kuna sehemu haikuchanganywa. Kikosi cha walinzi wa Rais kilibaki pembeni, Bemba naye akabaki na walinzi wake. Agosti 2006 wakapigana Kinshasa, Machi 2007 wakapigana tena.

#11 Afande Mstaafu

Mtafiti, hujachosha. Kwetu tulikuwa na msemo kwamba askari ana makamanda wawili, wa gwaride na wa mwisho wa mwezi. Ukiwatenganisha, wa gwaride anakuwa mpole sana.

#12 Shamsa

Nimewasoma wote na naona mnakubaliana jambo ambalo mimi linanitisha: kwamba kugawa kisu ni kuzuri, tatizo ni kutogawa.

Rudini Rwanda, Arusha ya Agosti 1993. Ule mkataba haukuogopa suala la jeshi hata kidogo. Asilimia 60 upande wa serikali, 40 waasi wa RPF, na vyeo vya uongozi nusu kwa nusu. Jeshi lilipangwa liwe na watu 13,000, jandarmaria, yaani polisi wa kijeshi, 6,000. Maana yake maelfu ya askari wanarudishwa nyumbani, na maofisa waliojiona wenye nchi wanampisha adui wa jana kwenye kiti. Wenye msimamo mkali hawakuusoma kama mkataba wa amani. Waliusoma kama hati ya kufukuzwa. Sisemi mkataba ndio ulioleta mauaji ya kimbari. Walioyapanga wanabeba dhambi yao wenyewe. Nasema waliouandika walijua namba zote ila hawakuweka chochote cha kuzuia wale watakaokataa.

Tena Juba, Sudan Kusini. Mkataba wa Agosti 2015 ulimrudisha kiongozi wa waasi Riek Machar mjini Aprili 2016 akiwa na kikosi chake. Majeshi mawili, mji mmoja. 8 Julai walinzi wakafyatuliana risasi Ikulu, Rais Kiir na Machar wakiwa ndani wanazungumza. Ukikikata kisu katikati hupati nusu kisu. Unapata visu viwili.

#13 Kipepeo

Shamsa amefunga mjadala, tukalale.

#14 Kalamu Nzito

Hajafunga, Kipepeo, ameufungua.

Nakiri neno "makusudi" nililitumia kwa wepesi. Bint Pwani kanionyesha kisu kilicho nje ya chumba, Shamsa kanionyesha visu viwili. Ila bado sijashawishika kwamba tusiguse. Afrika Kusini walichanganya MK, wapiganaji wa ANC, na jeshi la makaburu waliokuwa wakiwawinda, pamoja na majeshi mengine, jumla matano, na hakuna aliyefyatua risasi Union Buildings, makao ya serikali. Kwa nini pale iliwezekana?

#15 Hakimu Mtaa

Saba, si matano. SADF (jeshi la makaburu), MK, APLA (wapiganaji wa chama cha PAC), na majeshi ya zile "nchi" nne za kibantustani, maeneo waliyotengewa Waafrika: Transkei, Bophuthatswana, Venda na Ciskei. SANDF, jeshi jipya la pamoja, ilizaliwa 27 Aprili 1994, siku ya uchaguzi wenyewe.

Na jibu langu ni kwamba ile haikuwa serikali ya kutoka sare. Zimbabwe na Kenya kila upande uliamini umeshinda, wakakaa pamoja kwa kulazimishwa. Afrika Kusini kila mtu alijua ANC itashinda, swali likawa namna ya kuwapa walioondoka uhakika wa maisha. Ndiyo maana ya pendekezo la Joe Slovo, wa upande wa ANC, la vifungu vya muda: ajira zinalindwa, pensheni zinalindwa. Jenerali Meiring wa jeshi la zamani alibaki Mkuu wa Majeshi mpaka 1998, ndipo akaingia Siphiwe Nyanda aliyetokea MK. Chama cha National, kilichotawala zama za ubaguzi, kilitoka serikalini 1996 na jeshi halikutikisika, kwa sababu hofu ya Afande (bandiko la 5) ilikuwa imeshajibiwa kwa maandishi.

Wapo waliosema ilikuwa ghali na iliwaacha wapiganaji wengi wa MK wakinung'unika kuhusu vyeo na viwango vya elimu. Kweli. Lakini walinung'unika, hawakurudi porini.

#16 Jiwe la Pembeni

Nimepigwa rula yangu na Mwana wa Ziwa, safari hii nimehakiki kwanza.

Ireland ya Kaskazini. Mkataba wa Ijumaa Kuu ni 10 Aprili 1998. Polisi waliachiwa tume huru ya Chris Patten, ikatoa mapendekezo 175 mwaka 1999. Novemba 2001 polisi wa zamani, RUC, wakabadilika kuwa PSNI: jina jipya, nembo mpya, na kanuni ya kuajiri nusu Wakatoliki nusu wengine, iliyodumu miaka kumi. Wakatoliki walikuwa kama asilimia 8 ya polisi, wakafika karibu 30. Sinn Féin, chama kinachotaka kuungana na Ireland, hawakukubali kuwatambua polisi mpaka Januari 2007. Mamlaka ya polisi na sheria yakakabidhiwa serikali ya pamoja Aprili 2010.

Hesabuni: miaka kumi na miwili kutoka saini hadi makabidhiano. Serikali nyingi mnazozitaja hapa ziliishi miaka minne au mitano. Mimi nasema sababu ni muda. Mnamwomba mtu ajenge nyumba kwa kipindi cha kuchanganya zege.

#17 Bint Pwani

Jiwe, tarakimu zako nimezikagua moja moja, leo umepita!

Ila umenifungulia kitu. Katika ile miaka kumi na miwili, kisu alikishika London. Hakikuwemo chumbani, kama kwetu tu. Kwetu hilo ndilo lalamiko, kwao ndilo lililowapa nafasi ya kukaa pamoja kwanza bila kukigombania. Kwa hiyo kuwa nje ya chumba si tatizo wala si dawa. Lazima tuulize huyo wa nje anaonekanaje machoni mwa wale wawili walioko ndani. Na hata London, upande mmoja haukumwona kama refa. Ndiyo maana ilihitajika tume huru, haikutosha kauli ya waziri.

#18 Nyota Alfajiri

Mimi huwa nasoma tu, leo naandika kwa mara ya kwanza.

Januari 2008 tulikimbia nyumba usiku, mimi na mama na wadogo zangu watatu. Tulifika kituo cha polisi, lango limefungwa, watu wamejaa nje. Afisa mmoja alisema warudi makwao, hakuna amri ya kupokea watu. Mwingine, kijana, wa kabila lilelile la wale waliotufukuza, alifungua komeo bila kusema neno, akasimama pembeni mpaka wa mwisho tulipoingia. Sikujua jina lake mpaka leo.

Nasoma asilimia zenu, 50, 40, 35, na sizipuuzi. Lakini wale wawili walikuwa chini ya sheria moja, sare moja, mshahara mmoja. Mwaka 2018 sare ilibadilika ikawa ya buluu. Kila nikiiona najiuliza ni mabadiliko gani yangewafanya wale wawili wote wafungue komeo. Sijaliona kwenye mkataba wowote mlioutaja.

#19 Mpiga Darubini

Pole sana dada, na karibu. Umenifanya nirudi kusoma bandiko langu la 2 kwa aibu kidogo. Nilihesabu sheria.

#20 Shamsa

Nyota, asante kwa kuandika. Jibu langu, na ni dogo: yule wa kwanza alisema "hakuna amri". Alikuwa anajua kwamba hakuna atakayemuuliza kwa kutofungua, ila angeweza kuulizwa kwa kufungua. Mageuzi ninayoyataka ni yatakayoigeuza hiyo.

#21 Mwana wa Ziwa

Na yule kijana wa pili, Shamsa? Yeye hakungoja mageuzi. Huenda tunatafuta kwenye sheria kitu kinachopatikana kwenye namna watu wanavyochaguliwa kuingia depo. Kwetu kipimo kilikuwa kabila na ulikotokea. Hakuna aliyeuliza huyu mtu akiachwa peke yake langoni usiku atafanya nini.

#22 Mtafiti Mchanga

Naomba niongeze Sudan Kusini kabla uzi haujalala, kwa sababu ndiko jaribio kubwa linakoendelea. Mkataba wa Septemba 2018 ulitaka jeshi la pamoja la watu 83,000 kabla serikali haijaundwa. Serikali ikaundwa Februari 2020, Rais na makamu watano, jeshi bado. Kundi la kwanza likahitimu Agosti 2022. Vikwazo vya silaha vya Umoja wa Mataifa viliwekwa tangu 2018, na wengi wa wale waliokuwa kambini walifanya mazoezi na bunduki za mbao. Baada ya gwaride wengi walikaa bila kupangiwa vituo wala mshahara wa kueleweka. Machi 2025 Machar akawekwa kizuizini nyumbani kwake.

Kwa hiyo nadharia ya Jiwe ya muda inayumba hapa. Muda umeongezwa zaidi ya mara moja na uchaguzi umesogezwa kila mara. Muda bila malipo ni kusubiri tu.

#23 Jiwe la Pembeni

Sijakata tamaa na nadharia yangu, ila nakubali: muda unamsaidia anayejenga. Asiyejenga unamsaidia pia, kwa kazi yake.

#24 Kalamu Nzito

Nimeandika pembeni kila mlichosema: makusudi, hofu ya kesi, mipaka ya katiba, mishahara, muda, aliye nje ya chumba, na komeo la Nyota. Sijui lipi liko juu ya lipi.

Afande, nina swali moja linalonisumbua tangu bandiko lako. Ulisema saini ya uhamisho na cheo haikubadilika hata siku moja. Katika miaka yote ile ya mseto, yule waziri wa upande wa pili hakuwahi kumpandisha cheo hata mtu mmoja?

#25 Afande Mstaafu

Mmoja, ninayemkumbuka. Kijana mzuri wa kazi, alistahili. Barua ilitoka, gwaride likafanyika, akavishwa nyota mabegani na waziri mwenyewe, picha zikapigwa. Jumatatu iliyofuata akapangiwa kazi mpya. Alipewa funguo za stoo ya mablanketi, na mpaka nastaafu nilimwacha humo.